Utafiti wa Dawa za VVU Ukiwa Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni daktari niliyejikita kwenye famakolojia ya tiba, na dawa ninazozifuatilia zaidi ni ARV, yaani dawa za kufubaza VVU. Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili. Kuna wanafunzi wa udaktari na famasia wanaotaka kujua kazi hii inaingiwaje, na kuna wagonjwa na wauguzi wa CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU, wanaotaka kujua tunatafuta nini kwenye damu. Nimewaweka pamoja makusudi: mwanafunzi asiyejua mgonjwa anauliza nini hatafika mbali kwenye kazi hii. Kila jibu linajitegemea, na pale mambo yanapogusana nimetaja namba ya swali.

## Kazi yenyewe

1. Mfamakolojia wa tiba anafanya nini ambacho mfamasia au daktari wa CTC hafanyi?

Daktari wa CTC anamtibu mgonjwa aliyeketi mbele yake. Mfamasia anahakikisha dawa sahihi, iliyotunzwa vizuri, inamfikia mgonjwa pamoja na maelezo yake. Mfamakolojia wa tiba anafuatilia kinachotokea baada ya kidonge kupita kooni: kiasi gani kinaingia kwenye damu, kinakaa muda gani, ini na figo vinakiondoaje, na je, kiasi hicho kinatosha kufubaza virusi bila kumuumiza mwenye mwili.

Kwa hiyo kuna siku niko wodini, kuna siku niko maabara, na siku nyingi niko mbele ya kompyuta nikihangaika na takwimu. Huwa tunaitwa pia pale mgonjwa anapokuja na mfuko wa dawa za magonjwa matatu na hakuna anayejua ipi inagombana na ipi.

2. Dawa zinafika zikiwa zimeshapimwa huko zilikotengenezwa. Kimebaki nini cha kutafiti?

Hili naulizwa kuliko yote, hata na madaktari wenzangu. Jibu langu ni efavirenzi.

Efavirenzi ilisajiliwa Marekani mwaka 1998 kwa dozi ya miligramu 600, mara moja kwa siku. Tanzania ilianza kutoa ARV kwa mpango wa kitaifa mwaka 2004, na efavirenzi ikaja kuwa tegemeo la wagonjwa wengi mpaka TLD, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ilipoingia mwaka 2019. Ini huivunja dawa hii kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Wapo watu waliorithi kwa baba na kwa mama aina ya jeni inayokifanya kimeng'enya hicho kuwa kizito, na katika jamii nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika watu hao ni wengi kuliko Ulaya. Mtu wa namna hiyo akimeza miligramu 600 sawa na jirani yake, damu yake inaweza kubeba dawa mara kadhaa zaidi ya ile ya jirani.

Waliotumia dawa hiyo wanajua maana yake: ndoto za kutisha, kuamka umelewa bila kunywa, kuyumba ukienda chooni usiku. Kliniki waliambiwa ni maudhi madogo madogo, utazoea. Wengi walizoea kweli. Baadhi walikuwa wanaelea kwenye dawa iliyozidi, na hakuna aliyewapima.

Mwaka 2008 watafiti wa Zimbabwe, akiwemo Collen Masimirembwa, walichapisha kwamba jeni hiyo ni ya kawaida miongoni mwa wagonjwa wao na kwamba wenye nayo wana kiwango kikubwa cha dawa. Baadaye MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa kushirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden walifuatilia wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia, na ikaonekana hata nchi hizi mbili hazifanani: Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi kwenye damu. Mwaka 2014 utafiti wa kimataifa wa ENCORE1 ukaonyesha kwamba miligramu 400 zinafubaza virusi sawasawa na 600. Hesabu mwenyewe kutoka 1998.

Dozi iliyochapwa kwenye kopo ni jibu lililopatikana kwa miili fulani iliyopimwa mahali fulani. Mara nyingi jibu hilo linatufaa na sisi. Kazi yetu ni kujua lini halitufai, na kujua mapema.

3. Kwa nini ukae Dodoma wakati mashine na fedha viko Dar?

Kwa sababu ya watu. Fika Kondoa na Chemba, kisha zunguka kuelekea Singida na Manyara. Ndani ya safari fupi utapita kwa Wagogo na Warangi, ambao lugha zao ni za Kibantu; Waburunge na Wairaqw wa Kikushi; Wabarabaig wa Kiniloti; na Wasandawe, wenye lugha ya vidoko. Ni sehemu chache sana duniani zenye mchanganyiko huo. Mtu anayechukua sampuli za Dar peke yake na kuandika "Watanzania" kwenye kichwa cha makala anaruka hatua.

Hapa natoa tahadhari ninayowapa wanafunzi wote: jeni si kabila. Ndani ya ukoo mmoja wa Kirangi utakuta mwenye kimeng'enya chepesi na mwenye kizito. Tunachunguza mchanganyiko huu ili tujue wigo wa tofauti. Hatumbandiki mtu dozi kwa jina la ukoo wake.

Sababu nyingine ni za kawaida tu. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani nacho, na wakubwa wa wizara wako hapa hapa, kwa hiyo barua haihitaji tena kupanda basi.

4. Siku ya kuchukua sampuli inakuwaje?

Ndefu. Utafiti wa kupima mwendo wa dawa kwenye damu unataka mshiriki alale hospitali au afike alfajiri kabla hajameza kidonge. Muuguzi anaweka kanula, anavuta damu ya kwanza, mshiriki anameza dawa mbele yetu, kisha saa inaanza kuhesabu: baada ya saa moja, mbili, nne, sita, nane, kumi na mbili, na kesho yake ishirini na nne. Kila mrija unaandikwa muda halisi damu ilipotoka. Ratiba ikisema saa nne kamili na mshipa ukasumbua mpaka saa nne na dakika kumi na moja, andika hizo dakika kumi na moja. Kompyuta inasamehe kuchelewa ikiambiwa. Ikidanganywa inakuletea mchoro wa ajabu.

Mrija unawekwa kwenye barafu, unazungushwa kwenye sentrifuji, plazima, yaani maji ya damu, inanyonywa taratibu juu ya chembe nyekundu na kugawanywa kwenye vichupa viwili, kimoja cha akiba. Vichupa vinaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Fundi wa jenereta ni mtu muhimu kuliko profesa siku hiyo.

Lakini sampuli nzuri inaharibika kwa swali moja baya: "Mama, jana dawa ulimeza saa ngapi?" Akijibu "saa tatu usiku", fomu inatakiwa isomeke 21:00. Kijana mwenye haraka akiandika 3:00, mchambuzi aliyeko Cape Town au London ataamini mama yule alimeza dawa usiku wa manane, na saa sita zimeshapotea. Ndiyo maana tunauliza kwa matukio: kabla au baada ya taarifa ya habari? Ng'ombe walikuwa wamesharudi zizini? Ulikuwa umekula? Kisha tunabadilisha wenyewe kuwa namba, na mtu wa pili anahakiki.

## Kuingia kwenye kazi

5. Nisome nini ili nifike huko?

Kidato cha tano na sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia) ndiyo njia iliyozoeleka. Kisha kuna milango miwili. Wa kwanza ni udaktari: miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wa pili ni famasia: miaka minne na mwaka mmoja wa vitendo, halafu Baraza la Famasi. Hapa Dodoma udaktari unafundishwa UDOM, na famasia inafundishwa Chuo Kikuu cha St. John's.

Baada ya hapo unatafuta shahada ya uzamili, kisha uzamivu. Idara ya famakolojia ya tiba yenye mizizi nchini iko MUHAS. Moshi, kule hospitali ya KCMC, kuna utamaduni mzuri wa utafiti wa dawa za VVU na TB. Mfamasia asijione mdogo kwenye njia hii. Baadhi ya wachambuzi wazuri ninaowajua hawajawahi kuandika cheti cha dawa maishani mwao. Tofauti ni kwamba kwenye majaribio ya dawa, uamuzi wa kitabibu juu ya mshiriki unabaki kwa daktari.

Ushauri wangu usio rasmi: kabla hujakimbilia uzamili, fanya kazi CTC angalau kwa muda. Utajifunza mambo ambayo hayapo kwenye vitabu, kwa mfano kwa nini watu hutoa vidonge kwenye kopo (tazama swali la 16).

6. Nilikimbia hisabati. Nitaweza?

Utaweza, ila hutaikimbia tena. Fikiria pipa la maji lenye tundu chini, unalolijazia ndoo moja kila jioni. Maji yatapanda mpaka yafike kina ambacho kinachoingia kwa siku ni sawa na kinachovuja. Dozi ni ndoo, tundu ni ini na figo, kina ni kiwango cha dawa mwilini. Hesabu zote tunazofanya ni za kukadiria ukubwa wa tundu kwa kila mtu, na kujua kwa nini matundu hayo yanatofautiana.

Kwa zana, jifunze R kwanza, programu ya takwimu, maana ni ya bure. Programu kubwa za uchambuzi wa makundi, kama NONMEM na Monolix, utazikuta ukifika uzamivu, na chuo chako ndicho kitakachohangaika na leseni.

7. Ni lazima niende nje?

Si lazima, lakini kukaa kwa muda kwenye maabara yenye watu wanaofanya jambo hili kila siku kunakuokolea miaka. Na nje si Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Cape Town kina kitengo cha famakolojia ya tiba kinachotambulika duniani, na Kampala, kwenye Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere, kuna kazi nzuri ya viwango vya dawa. Wengi hutumia mpango wa kwenda na kurudi: damu na wagonjwa viko nyumbani, upimaji na uchambuzi unajifunza kwa wenyeji wako, digrii inaandikwa kwa pamoja. Ukienda, rudi na ujuzi wa mashine. Kurudi na jina kwenye makala peke yake hakutamsaidia anayekufuata.

8. Fedha za utafiti zinatoka wapi, hasa baada ya misukosuko ya Marekani?

Kwa miaka mingi chungu kimekaa juu ya mafiga machache: taasisi za afya za Marekani (NIH), mpango wa EDCTP ulioanzishwa mwaka 2003 kwa ushirikiano wa Ulaya na Afrika, Wellcome ya Uingereza, na Sweden kupitia Sida. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Mei mwaka huo NIH ikatangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku ndogo kwa taasisi za nje kupitia vyuo vya Marekani. Waliotegemea mlango huo mmoja waliumia, wakiwemo wasaidizi wa utafiti walioachishwa kazi ghafla.

Ninachowaambia wanaoanza: andika maandiko madogo kwa wafadhili tofauti, na jifunze kutumia kilichopo. Mabaki ya sampuli za utafiti uliokwisha, kama ridhaa iliruhusu, na kumbukumbu za CTC vina maswali mengi yasiyohitaji mamilioni. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nayo hutangaza ruzuku. Soma tangazo lote kabla hujaanza kuandika.

9. Mshahara?

Ukiwa chuoni au hospitali ya umma, ni ngazi ya mshahara ya serikali kama wenzako. Miradi huongeza, kisha miradi huisha. Ukitaka utajiri, fungua duka la dawa.

## Vibali na washiriki

10. Nahitaji vibali gani kabla ya kugusa sampuli ya kwanza?

Kamati ya maadili ya taasisi yako kwanza, kisha kibali cha taifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kama unajaribu dawa, hata kama ni dozi mpya tu ya dawa ya zamani, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lazima iidhinishe. Sampuli zikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa uhamishaji unaopitia huko huko NIMR. Mtafiti mgeni ana kibali chake cha COSTECH. Halafu shuka ngazi za kwetu: Katibu Tawala wa Mkoa, mganga mkuu wa wilaya, mganga mfawidhi wa kituo, na kama unafuata watu majumbani, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Ukiruka mwenyekiti, kazi yako itakwama hata ukiwa na mhuri wa Geneva.

11. Ridhaa inachukuliwaje kwa mtu asiyesoma?

Fomu inasomwa kwa sauti mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, mshiriki anaweka dole gumba, shahidi anasaini. Kwa wazee wa vijijini Chamwino au Bahi, Kiswahili cha fomu kinaweza kuwa kizito, kwa hiyo tunakuwa na mtu wa Kigogo. Baada ya kusoma hatumuulizi "umeelewa?" maana jibu litakuwa "ndiyo, daktari" kwa heshima tu. Tunamwomba atusimulie yeye tutamfanyia nini. Akisema "mtanipa dawa mpya ya kuponya", tunaanza upya.

Mshiriki anarudishiwa nauli na anapewa chakula. Akijitoa katikati, matibabu yake CTC hayaguswi. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwao wenyewe, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 mtu anaweza kujipeleka kupima VVU kuanzia miaka 15. Kupima na kushiriki utafiti ni mambo mawili.

12. Damu yangu mnaipeleka wapi? Na nywele mnataka za nini?

Damu inakwenda maabara, inapimwa kiasi cha dawa kwa mashine ya kromatografia, na inabeba namba bila jina. Orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza ukuta mwingine.

Nywele ni jambo jingine. Damu inasema ulichomeza jana na juzi. Unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi na unabeba kumbukumbu ya dawa ya wiki nyingi. Kisayansi ni kipimo kizuri, na hakihitaji friza. Lakini mwombe mtu wa kwetu kifungu cha nywele zake uone anavyokutazama. Hofu ya nywele kwenda kwa mganga ni ya kweli, haiondolewi kwa kucheka. Kinachosaidia ni mshiriki kuona zinavyokatwa, zinavyofungwa kwenye karatasi ya bati, na kuambiwa waziwazi lini zitaharibiwa. Anayekataa anakataa, na tunaendelea na damu.

## Maswali ya watumia dawa

13. Nimeanza dawa za TB. Kwa nini nimeongezewa kidonge cha jioni?

Kwa sababu ya rifampisini. Dawa hiyo ya TB inaliamsha ini livunje vitu vingi kwa kasi, na dolutegraviri iliyo ndani ya TLD ni mojawapo. Kidonge cha pili cha dolutegraviri, miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya TLD, kinarudisha kiwango mahali pake. Usikiache siku unayomaliza dawa za TB: ini linachukua kama wiki mbili kutulia, kwa hiyo utaendelea nacho kwa muda huo.

Watafiti wa Afrika Kusini, katika RADIANT-TB iliyochapishwa 2023, walijaribu kuwaacha baadhi ya wagonjwa na dozi moja kwa siku na virusi vikafubaa vizuri. Ulikuwa utafiti mdogo, haukuundwa kushindanisha makundi hayo mawili. Mpaka mwongozo wa taifa useme vinginevyo, meza vyote viwili.

14. Dawa gani nyingine zinagombana na TLD?

Zinazotusumbua zaidi huku ni hizi. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini za kifafa hushusha dolutegraviri. Mwambie daktari kabla hajakuandikia. Metfomini ya kisukari hupandishwa na dolutegraviri, kwa hiyo kwa kawaida haizidi miligramu 1,000 kwa siku. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hushikamana na dolutegraviri tumboni: meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na kalsiamu navyo hushikamana, ila ukivimeza pamoja na TLD wakati wa chakula hakuna tatizo.

Kina mama wajawazito wanaotafuna udongo wa pemba huniuliza kama nao unaingia humo. Kinadharia, udongo wenye madini unaweza kushika dawa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya uzamili aanzie sokoni Majengo.

Chuo Kikuu cha Liverpool kina tovuti ya bure ya mwingiliano wa dawa za VVU. Kila kliniki iwe nayo kwenye simu.

15. Sina chakula. Nimeze dawa hivyo hivyo?

Ndiyo. TLD inamezwa ukiwa umekula au hujala. Swali hili huongezeka Januari na Februari, ghala likiwa tupu na mtama bado uko shambani, na wapo wanaoruka dozi kwa kuamini dawa "itachoma utumbo". Imani hiyo ina asili: baadhi ya dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri humezwa pamoja na chakula. Kama uko kwenye hizo, uliza kliniki yako. Ukiwa kwenye TLD, maji yanatosha.

16. Nameza kila siku lakini wingi wa virusi haushuki. Mbona hamniamini?

Nakuamini mpaka nipate sababu ya kutokukuamini, na hapo ndipo kipimo cha kiwango cha dawa kinapomtetea mgonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 94.3 ya watu wazima walio kwenye dawa wamefubaza virusi. Waliobaki hurudishwa kwenye ushauri nasaha wa ufuasi, na wengine wanauchukulia kama kuitwa waongo.

Zipo njia nyingi za kumeza bila kufaidi. Dawa nyingine inagombana nayo (swali la 14). Virusi vimeshajenga usugu. Au vidonge vimeharibika: kopo la ARV linalia kama njuga, na anayejificha kwa mume, wifi au mwenye nyumba huhamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni au kwenye fundo la khanga. Ile pakiti ndogo ya kukausha unyevu inabaki kwenye kopo, kopo linatupwa chooni. Muuguzi mmoja alikuwa akiwaambia watu wajaze pamba ndani ya kopo lisipige kelele, na sijaona ushauri mzuri kuliko huo kwenye mwongozo wowote.

Kupima dawa kwenye damu si huduma ya kawaida CTC. Hufanyika zaidi kwenye utafiti. Kipimo cha usugu kinaombwa kupitia kliniki yako.

17. Je, mitishamba?

Wanaomeza ARV pamoja na mlonge, mwarobaini au dawa za mizizi ni wengi kuliko wanaokiri. Ukiuliza kwa ukali, watakuficha. Uliza kana kwamba ni jambo la kawaida, maana ni la kawaida.

Kisayansi mimea haifanani. Unga wa majani ya mlonge ulipimwa Zimbabwe kwa watumiaji wa nevirapini, ARV ya zamani, na haukubadilisha kiwango cha dawa kwa namna ya kutia wasiwasi. Huwezi kuchukua jibu hilo ukalipeleka kwa mzizi mwingine au kwa dolutegraviri.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga. Walitoka na Dodoma pia. Mjadala ukawa kama mti una sumu au hauna. Kwa mgonjwa wa VVU swali lilikuwa moja: ulipanda gari ukiwa na vidonge vyako au uliviacha nyumbani?

18. Tangu nianze TLD nimenenepa. Ni dawa?

Kwa sehemu. Utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini, 2019, ulionyesha waliopewa dolutegraviri waliongezeka uzito zaidi, hasa wanawake. Kisha wakatazama jeni. Wenye CYP2B6 nyepesi waliokuwa kwenye efavirenzi waliongezeka karibu sawa na walio kwenye dolutegraviri. Waliobaki wembamba ni wale wenye kimeng'enya kizito, waliokuwa wamezidiwa na efavirenzi (swali la 2). Maana yake sehemu ya "unene wa TLD" ni mwili kuondokewa na dawa iliyokuwa ikiukandamiza. Pima presha na sukari, tembea, na usiache dawa.

## Maswali ya pembeni

19. Dozi za watoto na wajawazito zinatokana na nini?

Watoto hawapunguziwi kidonge kwa kukisia. Utafiti wa ODYSSEY, uliohusisha Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulionyesha mtoto wa kilo 20 na kuendelea anaweza kumeza dolutegraviri ya miligramu 50 ya watu wazima. Walio chini ya hapo, kuanzia wiki nne na kilo 3, wana kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji.

Kwa wajawazito, mwaka 2018 utafiti wa Tsepamo wa Botswana ulitoa ishara ya watoto wenye kasoro za uti wa mgongo kwa waliotungwa mama akiwa kwenye dolutegraviri. Nchi nyingi zikasita kuwapa wanawake. Takwimu zilivyoongezeka, tofauti ikayeyuka. Huwa nawafundisha wanafunzi kisa hiki polepole: ishara ilistahili kutangazwa, na ilistahili kuendelea kuhesabiwa.

20. Sindano ya miezi sita itatuondolea vidonge?

Lenakapaviri imefanya vizuri kwenye kinga: katika PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa aliyeambukizwa. Hiyo ni kinga kwa asiye na virusi. Anayeishi na VVU anahitaji dawa zaidi ya moja, na mwenza wa kuchomwa nayo bado anatafutwa.

Kwa mfamakolojia wa Tanzania kuna swali gumu zaidi: TB. Rifampisini hushusha sana lenakapaviri na kabotegraviri, dawa nyingine ya sindano, na sindano ikishaingia huwezi kuitoa wala kuiongeza kama kidonge. Tatizo jingine ni mkia: mtu akiacha sindano, dawa inapungua taratibu kwa miezi, na kwa kipindi hicho inakuwa ndogo kiasi cha kuvipa virusi nafasi ya kujifunza usugu. Mfugaji aliyehama na mifugo kiangazi akakosa sindano yake ndiye mtu ninayemfikiria nikisoma makala hizo.

21. Utafiti wangu haukuonyesha tofauti yoyote. Nichapishe?

Chapisha. Kujua kwamba dozi fulani inafaa Kondoa kama inavyofaa kwingine ni jibu, na linamwokoa mwingine kurudia damu zilezile.

22. Nina ndugu yangu anatumia dawa na hajisikii vizuri. Naomba namba yako ya simu.

Simtibu mtu kwa simu. Mpeleke CTC yake akiwa na kadi, na abebe dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja: ARV, za presha, za duka, za mganga, hata zile anazozimeza siku mojamoja. Aandike saa anayomeza kila moja. Kama ana macho ya manjano, vipele vyenye malengelenge au kuchanganyikiwa, asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali leo.